Mama Sufuria, fundi aliyekataa kusaini uongo wa injini

Saa mbili kasoro robo asubuhi, sufuria ndogo iko juu ya jiko la mkaa na maji yameanza kutoa mvuke, lakini hakuna anayesubiri kula. Ndani ya maji kimening'inizwa kwa uzi kitu cha shaba chenye ukubwa wa kizibo cha chupa ya chai. Pembeni yake kimechomekwa kipimajoto. Mwanamke mwenye ovaroli ya kijivu ameinama juu ya sufuria, miwani imemteremkia hadi ncha ya pua.

"Sabini na nane," anasoma. "Subirini. Kama ni mzima atajisema mwenyewe."

Madereva watatu waliokaa kwenye benchi wamenyoosha shingo. Mmoja ameshika kikombe cha chai hewani, amesahau kunywa. Kipimajoto kinafika themanini na mbili, na kile kitu cha shaba kinaanza kufunguka katikati, polepole, kama mdomo wa mtu anayepiga mwayo.

"Huyu mzima," anasema fundi huku akikitoa kwa uzi wake. "Anarudi nyumbani."

Kitu hicho ni themostati, na nyumba yake ni injini. Mwanamke huyu wa miaka arobaini na sita, mama wa watoto watatu, ndiye madereva wanayemwita Mama Sufuria. Jina lilianza kwa utani, kwa sababu ndiye fundi pekee wanayemjua ambaye hawezi kufungua gari bila kubandika maji jikoni. Sasa hata mumewe analitumia.

Gereji yake iko nyuma ya safu ya maduka, paa la bati, sakafu nyeusi kwa oili ya miaka mingi. Inapokea zaidi aina moja ya gari: yale madogo ya petroli ambayo yamejaa barabarani kwa sababu hayali mafuta sana na kila mtu mwenye mshahara wa kawaida anayaota.

Juu ya mlango wa stoo ameandika kwa rangi nyeupe mambo ambayo anasema kila mwenye gari la namna hiyo angepaswa kuyajua kama anavyojua tarehe yake ya kuzaliwa. Silinda tatu. Ujazo sentimita za ujazo mia tisa tisini na sita. Oili lita tatu kasoro kidogo, nyepesi, siyo nzito. Maji ya rejeta lita nne, na siyo ya bomba. Themostati inafunguka nyuzi themanini na mbili. Chini kabisa, kwa herufi kubwa kuliko zote: USIITOE.

"Injini ndogo haina siri," anasema. "Ikitetemeka kwenye taa za barabarani, plagi zimechoka. Ikitoa moshi wa buluu, inakunywa oili. Ikipiga kelele asubuhi cha-cha-cha ukiiwasha, cheni imelegea. Inakwambia kila kitu. Shida ni sisi wenye masikio ya pamba."

Hilo neno la mwisho mlangoni ndilo lililomletea matatizo, na ndilo lililomfanya mwandishi wa makala haya amtafute. Mama Sufuria amepoteza zaidi ya nusu ya kipato chake kwa sababu alikataa kuweka sahihi yake chini ya sentensi moja ya uongo. Na waliomtaka aisaini wanaendelea kunywa chai yao ofisini kama kawaida.

Ili kuelewa uongo huo, lazima kwanza kuelewa kosa la kweli, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa lake mwenyewe.

Ufundi alifundishwa na mjomba wake, kaka wa mama yake, ambaye sasa ana miaka sabini na minne. Alianza akiwa na miaka kumi na tisa, msichana pekee katika gereji ya wanaume saba. Mjomba alikuwa mtu wa maneno machache na mikono safi, na moja ya mambo ya kwanza aliyomfundisha ni kutoa themostati.

"Alisema kifaa hiki kiliwekwa kwa ajili ya nchi za baridi," anakumbuka. "Kwetu kuna joto, kazi yake nini? Kinazuia maji bure. Gari likiingia tu, hata kama limekuja kufungwa taa, tunakitoa. Tuliona tunamfanyia mteja hisani. Hatukumtoza hata senti."

Walizitupa kwenye debe la bati lililowahi kuwa la rangi, wakingoja shaba ijae wauze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Alifanya hivyo kwa miaka ishirini na miwili, na alipofungua gereji yake mwenyewe debe lilikuja naye.

Miaka mitano iliyopita mteja mmoja alisahau kitabu cha gari lake mezani. Mama Sufuria alikisoma wakati wa chakula, mkono mmoja na kijiko, na akafika ukurasa unaoeleza kwamba injini isiyofika joto lake ni injini mgonjwa. Hakuamini. Akachukua themostati moja kutoka kwenye lile debe, akaiweka kwenye sufuria ya nyumbani, ile ile aliyomwahidi mumewe kwamba haitaonja oili kamwe.

Anaeleza kwa maneno ambayo hata asiyejua spana na bisibisi atayafuata. Themostati ni mlango. Injini ikiwa baridi, mlango unafungwa ili maji yaliyo ndani yapate joto haraka. Ikishapata joto, mlango unafunguka na maji yanakwenda kupozwa kwenye rejeta. Ukiung'oa mlango, injini inakimbia baridi siku nzima, hasa kwa safari fupi fupi za mjini.

"Kompyuta ya gari inadhani bado ni asubuhi," anasema. "Inamwaga petroli tu, inamwaga tu. Petroli inapita pembeni ya pistoni, inashuka kwenye oili. Oili inaharibika, inakuwa tope. Tope linaziba vijia. Cheni inakauka, inalegea, siku moja inaruka jino. Valvu zinagonga pistoni. Kwisha habari yako."

Alikaa wiki tatu bila kumwambia mtu. Kisha akamwendea mjomba wake na sufuria mkononi. Mzee alitazama themostati ikifunguka na kujifunga, akafuta mikono, akamuuliza: "Umekuja kunifundisha mimi?" Tangu siku hiyo walisalimiana, walikutana misibani na harusini, lakini habari za injini hazikutajwa kati yao tena. Mzee hakukanyaga gereji ya mpwa wake kwa miaka mitano.

Yeye akaanza kuzirudisha. Aliwatafuta wateja wa zamani mmoja mmoja, akawaambia bila kupindisha kwamba alikuwa amewaharibia, na akazifunga bure. Thelathini na nane zimerudi nyumbani. Zimebaki sitini na moja kwenye debe. Wapo waliomshukuru, na wapo waliomtukana, na mmoja alimdai injini mpya.

"Alikuwa na haki ya kunitukana," anasema. "Nilimsikiliza mpaka akachoka."

Sasa msomaji alinganishe mwenendo wa mwanamke huyo na wa kampuni iliyotaka sahihi yake.

Kampuni yenyewe inakodisha magari madogo pamoja na madereva kwa maofisi. Ina magari kumi na nane, yote meupe, yote ya injini ile ile ya silinda tatu, na ina karakana yake ambako oili hubadilishwa. Kazi nzito, kama kufungua injini iliyokufa, ilikuwa ikipelekwa kwa Mama Sufuria. Kati ya kila magari tisa aliyopokea kwa wiki, matano yalikuwa ya kampuni hiyo.

Katika miaka miwili, injini kumi na moja za kampuni zilikufa, zote kwa ugonjwa mmoja. Madereva kumi walifukuzwa kazi, kila mmoja akiambiwa kwamba ndiye aliyeiua. Wa kumi na moja ni mwanamume wa miaka hamsini na mmoja ambaye wenzake wanamwita Taratibu, kwa sababu katika miaka kumi na sita barabarani hajawahi kumpita mtu pasipo ruhusa ya sheria. Abiria humtania kwamba ukipanda naye beba na chakula cha jioni.

Gari la Taratibu lilivutwa hadi gereji likiwa limekufa. Mama Sufuria alifungua sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini, akakuta tope jeusi zito kama lami. Alisugua kidogo kati ya vidole viwili, akanusa: petroli. Alifungua nyumba ya themostati, akaikuta tupu, imezibwa vizuri kwa gundi ya karakana ya kampuni. Na oili iliyokuwemo ilikuwa ile nzito ya pipa, ambayo injini ndogo kama hii haiwezi kuivuta ipasavyo asubuhi.

Ndipo ilipokuja fomu.

Mwandishi ameiona fomu hiyo. Ni karatasi moja yenye nembo ya kampuni juu, na nafasi ya sahihi na muhuri wa fundi chini. Mstari wa saba unasema "Chanzo cha uharibifu". Mbele yake, badala ya nafasi ya fundi kujaza, pameshachapwa tayari: "Uzembe wa dereva."

Tayari. Kabla injini haijafunguliwa. Kabla fundi hajanawa mikono. Mtu anatafutiwa kosa kwa mashine ya kuchapia, kisha fundi anaombwa alipige muhuri ili lionekane la kitaalamu. Inatia hasira, na mwandishi haoni sababu ya kuificha hasira hiyo.

Mama Sufuria ana hasira yake pia, lakini hajitoi katika lawama. Injini saba za mwanzo hazikuletwa na fomu, lakini kabla ya fomu ya Taratibu alikuwa amesaini tatu nyingine.

"Sikuzisoma," anasema. Kisha anajirekebisha. "Hapana. Ya kwanza sikuisoma. Ya pili na ya tatu nilizisoma nikajifanya sikuelewa. Nilikuwa na ada za watoto. Lakini wale madereva nao wana watoto."

Kwa nini basi alikataa ya nne? Anasema ni kwa sababu ya jambo dogo. Taratibu alikuja gereji mwenyewe kuliangalia gari, akasimama mlangoni na kofia mkononi, na hakuuliza habari za kazi yake. Aliuliza kama injini "iliteseka sana".

"Nikasema moyoni, huyu ndiye mzembe? Huyu anayeipa pole injini?"

Kikao cha nidhamu kilifanyika Jumatano, ghorofa ya pili, katika chumba chenye meza ndefu na birika la umeme. Mwandishi hakuwemo, lakini watu watatu waliokuwemo walisimulia, kila mmoja kwa wakati wake, na masimulizi yao hayakupishana.

Taratibu alisema aliandika mara tatu kwenye daftari la hitilafu kwamba injini inapiga kelele asubuhi, na mara tatu aliambiwa aendelee na kazi. Mwenyekiti akajibu kwamba daftari hilo halionekani. Taratibu akatoa simu yake mfukoni. Alikuwa amepiga picha kurasa zote tatu, na kila moja ilikuwa na sahihi ya mkuu wa karakana.

Kisha akaitwa fundi. Mama Sufuria aliweka mezani jagi la kioo, themostati na kipimajoto, akaomba birika liwashwe.

"Fundi, hatukuja hapa kupika," alisema mwenyekiti, na wawili watatu wakacheka.

"Sipiki, mwenyekiti. Naomba maji ya moto tu, kama ya chai yenu."

Alimimina maji kwenye jagi, akashusha themostati kwa uzi. Ilifunguka mbele ya macho yao. Akaitoa, ikapoa, ikajifunga. Akarudia. Akaeleza mlango ni nini, na nyumba isiyo na mlango inakuwaje, na ni nani aliyeung'oa. Alipomaliza, hakuna aliyecheka tena.

Mkuu wa karakana alikuwa amekaa upande wa pili. Huyu naye alijifunza kazi kwa mjomba yule yule, benchi moja na Mama Sufuria, na humwita dada.

"Dada, usinifanye mjinga mbele za watu," alisema. "Sote tulifundishwa kuzitoa. Na aliyetufundisha ni mjomba wako. Sema basi, naye alikuwa mjinga?"

Kwa mtu aliyelelewa na mzee yule, kumkosoa hadharani, mbele ya watu wa ofisini wasiomjua, ni jambo zito kuliko kupoteza wateja.

"Mjomba wangu hakuwa mjinga," alijibu Mama Sufuria. "Alikosea. Na mimi nilikosea miaka ishirini na miwili, tena nyinyi hapa nimewasainia fomu tatu za uongo. Wewe umekosea. Huyu dereva peke yake humu ndani ndiye ambaye hajakosea."

Barua ya uamuzi ilitoka baada ya siku tisa. Inasema Taratibu amerudishwa kazini "kwa huruma ya uongozi" na amepewa "onyo kali la maandishi kwa uzembe", ambalo litabaki kwenye jalada lake.

Huruma. Mtu ameonewa, amethibitisha kwa picha na kwa maji ya moto kwamba ameonewa, halafu anahurumiwa. Taratibu ameikunja barua hiyo mara nne na kuihifadhi ndani ya kitabu cha gari.

"Nimerudi, nashukuru," anasema, na shukrani yenyewe inamtoka kwa shida. "Lakini mwanangu wa kwanza anajua kusoma. Alisoma, akaniuliza, baba, uzembe gani? Nikaichukua, nikaikunja."

Yapo mengine. Wiki ile ile ya barua, karakana ya kampuni ilinunua themostati kumi na saba na kuzifunga kwenye magari yote yaliyobaki. Pipa la oili nzito likaondolewa, likaletwa la nyepesi. Hakuna dereva aliyeambiwa kwa nini. Wale kumi waliofukuzwa hakuna aliyewapigia simu. Kampuni imekiri kosa lake kwa injini zote na haijalikiri kwa binadamu hata mmoja.

Mwandishi alipiga simu ofisini mara tatu na kwenda mara mbili. Mwishowe alipokea ujumbe mfupi: kampuni inazingatia taratibu zote za matengenezo na haizungumzii mambo ya wafanyakazi.

Tangu siku ya kikao, wiki saba sasa, hakuna gari jeupe lililoingia gereji ya Mama Sufuria. Kati ya mafundi wanne aliowaajiri, wawili amewaomba wapumzike nyumbani mpaka hali itengemae. Mmoja wao ni dada wa mumewe, na jambo hilo limefika hadi kwenye chakula cha familia cha Jumapili.

"Mume wangu aliniuliza mara moja tu kama najuta," anasema. "Nikamwambia najutia zile tatu."

Anataka kuwatafuta wale madereva kumi, kuanzia watatu aliowasainia. Anataka kuandika taarifa ya kweli ya kila injini na kuipeleka ofisi ya kazi pamoja na sehemu zenyewe, kwani bado anazo, zimefungwa vitambaa na kuandikwa namba za magari. Tatizo lake ni moja. Mkuu wa karakana ameshasema kwamba ndivyo walivyofundishwa, na kampuni itauliza kama kuna yeyote, zaidi ya mwanamke aliyekosa wateja, anayeweza kusema mafundisho hayo yalitoka wapi na yalikosea wapi.

Alikuwa akiyaeleza hayo gari dogo la zamani, la rangi ya maziwa, lilipoingia polepole na kusimama mbele ya stoo. Aliyeshuka alikuwa mzee mwembamba mwenye shati lililopigwa pasi. Mafundi wote wakasimama.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Alitazama maandishi ya mlangoni, akayasoma yote hadi lile neno la mwisho. "Nimesikia ulinitaja ofisini kwa watu."

"Nilikutaja, mjomba."

"Ulisema nilikosea."

"Nilisema."

Mzee alifungua boneti ya gari lake mwenyewe. "Yangu niliitoa mwaka niliostaafu," alisema. "Ibandike hiyo sufuria yako."

Mpwa wake alitaka kumfungia mpya kabisa. Mzee akakataa. Alivuta lile debe, akakaa juu ya tairi, akaanza kuzipekua, akizigeuza moja moja kwenye mwanga. Kuna nyingine alizitambua. Hii ya yule mwalimu wa hesabu, alisema. Hii ya mkunga. Alipofika ya saba au ya nane aliacha kuzitaja, akawa anazigusa tu.

"Hao madereva kumi wako wapi?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Sita najua wanakoishi."

"Jumamosi twende. Nitasema mimi. Madereva hawakuwahi kushika spana, wanahusika vipi?" Kisha akamgeukia mwandishi. "Na wewe andika kwamba ni mimi niliyewafundisha. Usiandike mzee mmoja. Andika mjomba wake."

Imeandikwa. Mzee wa miaka sabini na minne, asiye na nembo wala muhuri, amesema kwa pumzi moja kile ambacho kampuni yenye ghorofa mbili imeshindwa kukisema kwa wiki saba.

Themostati ilifunguka nyuzi themanini na mbili. Ikafungwa mahali pake, maji safi yakajazwa, gari likawashwa. Mjomba na mpwa waliinama pamoja dirishani kuutazama mshale wa joto ukipanda kutoka chini, ukafika katikati ya duara, ukatulia.

"Miaka tisa sijauona hapo," alisema mzee. Akachomoa kalamu kwenye mfuko wa shati na kuuliza taarifa ya kwanza waanze na ya dereva yupi.